Kisado, mali kauli na ziwa lililofungwa

Nauza dagaa mwaloni Kibirizi, ufuoni boti za uvuvi zinapotia nanga, hapa Kigoma. Naanza na hilo kwa sababu karibu kila ninachojua kuhusu kumwamini Mungu nimekijulia huko, nikiwa na beseni kichwani au nimeinama juu ya kichanja. Sikusoma chuo cha Biblia wala si mama mchungaji. Ni Mwanglikana niliyezaliwa Kasulu, nikaolewa Mwanga, nikaingia kwenye biashara hii kwa mtaji mdogo aliouacha mama mkwe wangu alipochoka. Kwa hiyo nikiandika kuhusu imani, naandika kuhusu dagaa.

Na kwenye dagaa, mahali pa kwanza imani inapoulizwa ni kwenye kipimo. Anayelijua soko letu anazijua njia za kumwibia mnunuzi. Kuna kisado kilichogongwa kitako kikaingia ndani. Ukikitazama kwa juu kimejaa hadi ukingoni, ukifika nyumbani ukamimina unashangaa dagaa wameenda wapi. Kuna dagaa walioanikwa mchangani wakazolewa pamoja na mchanga wenyewe, maana mchanga nao unaongeza uzito. Kuna kuanua mapema kabla hawajakauka, ili maji yauzwe kwa bei ya samaki. Kuna gunia ambalo juu limepangwa dagaa weupe wanaong'aa, na chini wamejaa waliovunjika na waliopigwa na mvua wakageuka rangi ya kutu. Kuna kuchanganya dagaa wa Mwanza na wetu. Wale wa Ziwa Victoria ni samaki wa aina nyingine kabisa na bei yao iko chini, lakini wakishakaushwa na kuchanganywa ndani ya gunia moja, mtu wa mjini ambaye hakukulia ziwani si rahisi kuwagundua.

Haya hayafanywi na majambazi. Yanafanywa na watu wanaosali. Nimesimama na akina mama ambao Jumapili wanainua mikono mpaka machozi yanatoka, na Jumatatu kisado chao kina tumbo la ndani. Wanaona hayo ni mambo mawili, moja la Mungu na jingine la soko. Mimi nasema Biblia haijawahi kuyatenganisha. Mithali 11:1 inasema wazi: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Amosi naye aliwasema wafanyabiashara waliokaa ibadani wakiisubiri sabato iishe, wakafungue ghala, wapunguze kipimo, waongeze bei, na wauze hata takataka za ngano. Mara ya kwanza niliposoma hizo takataka za ngano niliuona mchanga wetu wa Kibirizi.

Lakini andiko lililonishika zaidi liko Walawi 19. Mungu anataja mizani, mawe ya kupimia, vibaba, kila kitu cha sokoni, halafu anamalizia kwa kusema kwamba yeye ndiye BWANA aliyewatoa katika nchi ya Misri. Hapo nilikaa siku nyingi. Kwa nini Misri iingie kwenye habari ya vibaba? Nikaelewa kwamba hawaambiwi wapime vizuri ili waokolewe. Wameshaokolewa. Waliwahi kuwa watumwa, watu waliopunjwa jasho lao na wakubwa, na sasa wako huru. Basi yeyote anayekuja mbele yao na kikapu asipunjwe tena. Mimi nami nimetolewa mahali. Kristo amenilipia deni ambalo nisingeliweza. Nitampunjaje mtu robo ya kisado?

Imani ya namna hii sikuianzisha mimi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa uamsho. Wanaojua historia ya makanisa ya huku kwetu wanajua kwamba uamsho ule uliwaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenda Uganda, ukaenda Burundi, ukavuka mpaka. Watu waliita kutembea nuruni. Mtu akiokoka hakuishia kulia na kuimba. Alirudisha vya watu. Bibi alitusimulia jinsi alivyopanda mlima kwenda kwa mke wa shemeji yake akiwa amebeba jembe. Alikuwa ameliazima zamani, na yule mama alikuwa ameshalisahau. Alifika akapiga makofi ya salamu kama ilivyo desturi yetu Waha, akaliweka jembe chini, akasema: hili ni lako, nililificha, Yesu amenionyesha. Hakuna mahubiri niliyowahi kuyasikia yaliyonifundisha toba kuliko jembe lile. Zakayo alifanya hivyo hivyo kule Yeriko: kabla Yesu hajasema wokovu umefika nyumbani mwake, tayari alikuwa anahesabu atakavyorudisha mara nne.

Sasa niseme jinsi kazi yenyewe inavyokwenda, kwa ajili ya wasioijua. Dagaa wetu huvuliwa usiku wa giza. Boti zinaingia ziwani jioni, wavuvi wanawasha taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi ni taa za betri na sola. Dagaa wanaifuata ile nuru, wanavutwa kwa wavu. Mwezi ukiwa mpevu nuru ya taa haina nguvu, basi watu wanapumzika, wanashona nyavu. Alfajiri boti zinarudi na sisi tunakuwa tumeshafika mwaloni. Unanunua, unaanika upesi, unageuza, unachambua. Jua likiwa zuri, walioanikwa asubuhi wanaweza kuanuliwa jioni. Mvua ikikukuta kati, mtaji umeoza mbele ya macho yako.

Giza haliheshimu Jumapili. Hili limenisumbua kwa miaka mingi, na najua linawasumbua wengi wenye kazi za namna hii, manesi, madereva, mama lishe. Boti ikitia nanga Jumapili alfajiri, dagaa hawawezi kungoja ibada iishe. Bwana wetu aliuliza ni nani kati yao ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya sabato hatamtoa mara moja. Ninachofanya ni hiki: Jumapili nakwenda mwaloni, naanika wale tu ambao wangeharibika, siuzi wala sipangi bei, halafu nakwenda ibada ya pili. Nikiketi, harufu ya dagaa iko kwenye nywele na kwenye khanga. Miaka ya nyuma akina mama wa namna yangu walikuwa wanakaa viti vya nyuma kabisa kwa ajili hiyo. Mchungaji mmoja aliyekuwa nasi zamani aliliona, akatuita mbele, akasema Yesu aliwazoea wenye harufu hii tangu Galilaya. Tangu siku ile nakaa popote.

Sala zangu nyingi hazina umbo la sala. Naomba nikiwa nachambua. Mikono inatenganisha samaki na vijiti na konokono wadogo, na mdomo unataja majina: wanangu, mume wangu na shule anayofundisha, vijana walioko ziwani usiku wakati upepo unavuma kutoka upande wa Kongo. Biblia naisoma kwenye simu nikisubiri boti, sura moja, wakati mwingine nusu. Sioni kwamba ni imani ya daraja la pili.

Kinachonitia uchungu ni imani nyingine ambayo imejaa kwenye simu hizo hizo. Mtumishi anasimama, anasema kuna mwanamke wa biashara ananisikiliza, mtaji wako umefungwa, panda mbegu leo, halafu namba ya kutuma pesa inapita chini ya kioo. Kuna mafuta ya upako ya kupaka kwenye meza ya biashara, kuna maji ya kunyunyiza kwenye boti. Wavuvi wengi wa ziwa hili tangu zamani wamekuwa na dawa za chombo, hirizi inafungwa mbele ya boti ili samaki waje. Wahubiri waliwaambia wazitupe. Sasa mtu ametupa hirizi, amefunga kichupa cha mafuta mahali pale pale, kwa nia ile ile. Mimi sioni tofauti, na nasema hivyo nikijua kuna rafiki zangu watakaochukia. Mungu anafanywa dawa ya kuvuta samaki.

Andiko wanalolipenda ni Luka 5. Simoni anasema, "Bwana mkubwa, tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu, lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu." Nyavu zikajaa, zikaanza kukatika, vyombo viwili vikawa karibu kuzama. Hapo ndipo mahubiri yanapoishia, kanisa linapiga vigelegele. Mimi nimeishi na samaki, najua usiku kama ule ni pesa kiasi gani. Kwa hiyo naomba tusome mpaka mstari wa 11. Walipoleta vyombo pwani, wakaacha vyote, wakamfuata. Waliacha lile shehena! Siku kubwa kuliko zote katika biashara yao ndiyo siku waliyoiacha. Mara nyingi nimewaza nani aliwaanika wale samaki, nani aliwauza. Marko anasema Yakobo na Yohana walimwacha baba yao chomboni pamoja na watu wa mshahara. Huenda ni hao. Lakini Petro hakuuliza. Alikuwa ameona kitu kikubwa kuliko shehena. Anayehubiri Luka 5 ili nipate shehena amenirudisha nyuma ya mahali Petro alipofika.

Mwaka 2024 tulipata nafasi ya kujua tunaamini nini. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti. Samaki walikuwa wamepungua, na nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikuwa zimekubaliana kulipumzisha ili wazaliane. Sipingi uamuzi ule. Ninayekumbuka mwalo wa miaka ya nyuma najua boti zilikuwa zinarudi na nini na siku hizi zinarudi na nini. Mungu aliyewaambia Israeli waiache ardhi ipumzike mwaka wa saba hawezi kushangazwa na ziwa kupewa miezi mitatu. Ila kukubali kwamba jambo ni jema hakujazi sufuria. Na Kigoma, Mei hadi Agosti ndicho kiangazi, jua safi bila wingu, jua ambalo mwanika dagaa analiomba mwaka mzima. Lilikuwa likiwaka juu ya vichanja vitupu.

Waliokuwa na akiba ya dagaa wakauza kwa bei waliyotaka. Mteja wangu mmoja wa Dar alinipigia, akaniambia kuna dagaa wa Mwanza wa kutosha, nichanganye tu nusu kwa nusu na kile kidogo nilichonacho, yeye atauza kama wa Kigoma na faida tutagawana. Nilimwambia kaka, nitakutumia kile kidogo nilichonacho, na kikiisha tutangoja. Alikata simu. Hakurudi kununua kwangu mpaka leo, na alikuwa mteja mkubwa. Nasema hivi kwa sababu kuna ushuhuda unaosimuliwa sana makanisani, mtu anakataa rushwa leo, kesho Mungu anampa mara mbili. Mimi sikupewa mara mbili. Nilipoteza mteja, na bado ninaamini nilitenda lililo sawa mbele za Mungu, na nina amani nalo.

Deni nililokuwa nalo lilikuwa Ujiji. Kuna Bi mkubwa mmoja pale, Mwislamu, mtu wa familia ya zamani ya mji ule, mwenye boti. Kwa miaka mingi amenipa dagaa kwa mali kauli: nachukua leo, nauza, namletea pesa yake. Hakuna karatasi. Wakati wa Ramadhani napeleka chochote nilichojaliwa kwa ajili ya futari yao, Krismasi naye anamtuma mjukuu na pilau. Ujiji walisikia habari za Kristo mapema kuliko sehemu nyingi za bara; wamisionari wa London walifika 1878, Mapadri Weupe, wale wamisionari Wakatoliki, wakafuata Januari 1879, na mji umebaki mji wa Waislamu hadi leo. Nimewahi kusikia mahubiri yanayozungumza kuhusu watu wa Ujiji kana kwamba ni ngome ya kubomolewa. Mimi siwezi kuomba hivyo. Naomba kwa majina, maana nayajua majina yao, na wao wanajua namwamini nani.

Ziwa lilipofungwa nilikuwa na deni lake ambalo nilitarajia kulilipa kwa giza la mwezi unaofuata. Nilipanda daladala nikaenda nimweleze. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Hakunipa nafasi ya kuyamaliza. "Mwanangu," akasema, "deni lako nalijua, na wewe nakujua. Ziwa likifunguka tutazungumza." Akaniambia Kurani yao inasema mwenye deni akiwa katika dhiki asubiriwe mpaka apate wasaa. Akanimiminia kahawa. Yeye mwenyewe boti zake zilikuwa juu ya mchanga, wavuvi wake wanakuja kila asubuhi kuomba cha kula.

Mwezi ule ule ikatokea habari ya kikoba.

Sisi akina mama wa kanisa tuna kikundi cha kuweka na kukopa. Tunanunua hisa kila wiki, tunakopeshana, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, mwisho wa mwaka tunavunja na kugawana. Tunafungua kwa sala na kufunga kwa sala. Kimetusaidia sana. Bila hicho wengi wetu tungekuwa mikononi mwa wale wa mikopo ya kausha damu, wanaokuja kuchukua hadi godoro. Mwenzetu mmoja, mjane, alikuwa amekopa mwezi wa Aprili kwa ajili ya kununulia dagaa. Wiki ya kwanza bila boti alileta kidogo. Wiki ya pili hakuleta. Faini ikaanza kujumlishwa juu ya marejesho. Kufikia Juni deni lilikuwa limevimba, na katiba ya kikundi ilikuwa wazi kabisa: dhamana ichukuliwe. Dhamana aliyoandikisha ilikuwa vichanja vyake, nyavu zake za kuanikia na mabeseni.

Kikao kikakaa baada ya ibada. Katibu akasoma kifungu. Nataka niwe mwaminifu kwa upande wa pili, kwa sababu mweka hazina hakuwa mtu mbaya na alichosema kilikuwa kweli: pesa iliyoko kwa mjane si ya tajiri yeyote, ni ya akina mama wengine maskini, mmoja anaingojea kwa ada ya mtoto, mwingine mumewe amelazwa. Wadhamini wake wawili nao walikuwa ni wauza dagaa wasio na dagaa. "Tukimsamehe huyu," akasema, "tumemnyang'anya nani?" Ni swali zito. Sikuwa na jibu jepesi na sitaki kujifanya nilikuwa nalo.

Nilisimama nikaomba tufungue Kumbukumbu la Torati 24. Pale mstari wa 6 Mungu anakataza mtu asichukue jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu anayechukua jiwe la kusagia amechukua uhai wa mtu. Nikawauliza, jiwe la kusagia la mwanamke wa Kibirizi ni nini? Tukiuza vichanja vyake leo tutapata pesa ya mbao na wavu, hata robo ya deni haifiki, na tarehe 15 Agosti boti zikirudi atasimama wapi? Tutakuwa tumehakikisha kwamba hatalipa kamwe. Mstari wa 17 unataja vazi la mjane kwa jina lake. Halafu nikawaambia habari ya Bi mkubwa. Nikasema mimi niliyesimama hapa nadaiwa, na mtu asiyesali kwa jina la Yesu amenisubiri kwa kuwa kitabu chake kimemwagiza. Sisi tuna mfano wa mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi akatoka nje akamkaba koo mwenzake kwa dinari mia. Tumeufundisha huo mfano watoto wa Sunday School hapa hapa, kwenye benchi hizi.

Kukawa kimya kidogo, halafu kelele. Mmoja akasema nachanganya Biblia na pesa za watu. Mwingine, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, akasema katika uamsho wa zamani wao waliuza hata mbuzi kumlipia ndugu deni, sisi tunakwenda kuuza beseni la ndugu. Tulikaa mpaka jua likashuka. Mwishowe tulikubaliana hivi: faini zote za miezi ya kufungwa ziwa zifutwe kwa kila mtu, si kwa mjane peke yake, riba isimame, deni la msingi libaki pale pale lilipwe lote, kidogo kidogo, baada ya ziwa kufunguliwa, na yule mwenye mgonjwa hospitali apewe kwanza kutoka kwenye mfuko wa jamii. Wanachama wanne hawakukubali. Walichukua hisa zao wakatoka. Mmoja wao tulikuwa tunaimba naye sauti ya pili kwa miaka mingi, na hajawahi kunisalimu sawasawa tangu siku ile. Ninamwombea, na ninampisha njiani, na linaniuma.

Mjane alimaliza deni mwezi wa Novemba. Mimi nilimaliza la Ujiji mapema zaidi, maana giza la kwanza baada ya kufunguliwa lilikuwa jema.

Nilimsimulia haya mwanangu wa kwanza, aliyeko chuo Dodoma. Ni kijana anayefikiri. Alinisikiliza vizuri, akaniambia: "Mama, uliyoyafanya ni mazuri, lakini hayo ni utu. Mtu asiyemwamini Mungu kabisa anaweza kupima kisado vizuri. Na aliyekutendea vizuri zaidi si Mkristo. Sasa Yesu anaongeza nini hapo?" Nilimwambia aniache nifikiri, na hii ndiyo barua yake pia.

Ni kweli, mwanangu. Sijawahi kusema kwamba wema ni mali ya Wakristo. Bi mkubwa ni mwema, na mimi naamini wema ule umetoka kwa Mungu, kwa sababu sijui pengine unapotoka. Lakini mimi siendi kwa Yesu kwa kuwa nataka kuwa mwema kuliko jirani. Naenda kwake kwa kuwa alikuja. Naamini, kama ninavyoamini ziwa liko pale, kwamba alikufa na akafufuka, na kwamba siku moja nitamwona. Yohana 21 imenibeba miezi ile kuliko andiko lingine lolote. Wanafunzi wamevua usiku kucha hawakupata kitu. Kunapambazuka, mtu amesimama ufuoni, nao hawajui kuwa ni yeye. Kabla hata hawajaleta samaki wao pwani, yeye ameshawasha makaa, samaki wako juu yake, na mkate. Anawaambia njoni mfungue kinywa. Yule aliyetobolewa mikono anapika. Mimi nimewasha moto alfajiri ufuoni kwa ajili ya wavuvi waliorudi mikono mitupu. Najua mtu anayefanya hivyo anawapenda kiasi gani watu hao. Wakati hakuna boti, hakuna mteja, na rafiki wa kwaya amenigeukia, sikuwa na kanuni ya utu ya kuzungumza nayo. Nilikuwa naye yeye. Nilimwambia kila kitu, na alinisikia. Hicho ndicho anachoongeza, nami siwezi kukuthibitishia kwa hesabu. Ninachoweza ni kukuambia kwamba ni kweli, na kuendelea kukuombea kwa jina, mikono ikiwa kwenye kichanja.

Sasa kuna kazi iliyobaki. Uamuzi wa mwaka 2024 ulikuwa wa dharura. Katiba ya kikundi bado ina kile kifungu cha zamani. Ziwa linaweza kufungwa tena, na hata lisipofungwa, maji yamepanda miaka hii na yamekula sehemu ya ufuo tuliokuwa tukianikia, kwa hiyo dhiki haitakosa njia ya kuja. Tumeandika kifungu kipya. Kinasema kwamba vyombo vya kazi vya mwanachama, yaani vichanja, nyavu, mabeseni, cherehani, jembe, sufuria za mama lishe, visipokelewe kuwa dhamana kabisa. Na kwamba ziwa likifungwa au mvua ikiharibu mali, faini na riba zisimame zenyewe bila mwanachama kuja kuomba. Mweka hazina ndiye aliyekiandika vizuri kuliko nilivyoweza mimi, na ameongeza kwamba kila mwanachama achangie mfuko wa jamii kiasi fulani kila wiki ya giza ili mzigo usiwaangukie wenye hisa wachache. Kitasomwa na kupigiwa kura baada ya ibada ya pili, Jumapili ya kwanza mwezi ujao. Wale wanne waliotoka nao nimewapelekea taarifa. Mmoja amesema atakuja kusikiliza.